Siku ya Kurudi ni Lini?

Toyo Maezato hajawahi kuondoka mahali kwa kuamriwa. Akiwa darasa la nne alimtoa Kanji Uehara damu puani kwa kosa la kumsukuma kwenye foleni ya maji, na kwa kuwa kisiwa chao, kilicho mpakani mwa nchi mbali na Tokyo, ni kidogo na wenye vyeo hawatoki mbali, Kanji huyo huyo ndiye meya wa leo. Ndiyo maana, wasema wambea, meya hutuma watu nyumbani kwa Toyo lakini mwenyewe hakanyagi.

Ana miaka sabini na tisa, ng'ombe weusi kumi na mmoja, shamba la miwa na mdomo usiopakwa mafuta. Siku anga ikitakata, milima ya Taiwan huonekana kutoka zizini kwake. Upande wa pili, palipokuwa malisho, sasa kuna seng'enge za jeshi na magari ya makombora. Kambi ile aliipinga kwenye kura ya maoni, akashindwa, akarudi nyumbani kulisha ng'ombe wake. Askari wenyewe hana ugomvi nao. Huwapa mapapai na kuwagombeza wakiendesha kasi. Na mtu akimwita kibaraka wa Wachina, hamcheleweshei jibu.

"Waje hao Wachina na makombora yao! Fagio ninalo moja, litawatosha wote."

Sasa ukaja mpango wa serikali kutoka Tokyo. Vita vya Taiwan vikinukia, watu wote wa kisiwa wangepakiwa ndegeni na kupelekwa kisiwa kikubwa cha Kyushu, mbali kaskazini, kila mtu na begi moja. Ng'ombe wangebaki. Meya alitaka kila nyumba itie muhuri wa jina lake, ambao huko ndio sahihi, kwenye karatasi ya kukubali kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo angekuja mgeni wa wizara, na meya alikuwa na hamu kubwa ya kumwambia kwamba kisiwa kizima kimeridhia. Nyumba zote zilitia. Ikabaki moja, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Jumatano asubuhi akatumwa Seiji, karani wa ofisi ya meya aliyezizungukia nyumba zile nyingine zote, mtoto wa marehemu mdogo wake Toyo wa kiume. Toyo ndiye aliyemlea. Meya si mjinga.

"Shangazi, ni karatasi tu hii," Seiji alisema, akiweka boksi la keki mezani. "Weka muhuri, yaishe."

"Na ng'ombe wangu?"

"Serikali inasema italifikiria."

"Italifikiria wakishakuwa mifupa?"

"Shangazi jamani, ni kwa usalama wako. Ni kwa siku chache tu."

Hapo Toyo akaacha kutania. Mwaka wa mwisho wa vita vikuu vya pili vya dunia, askari wa nchi yake mwenyewe walimwambia mama yake maneno hayo hayo, siku chache. Wakawahamishia watu kisiwa cha jirani, kwenye msitu wa malaria, na ng'ombe waliobaki wakachinjwa kuwa kitoweo cha jeshi. Mama aliondoka na watoto watatu, akarudi peke yake. Toyo alizaliwa mwaka uliofuata, akakua akisoma majina ya ndugu asiowajua kwenye vibao vya mbao vya wafu vilivyopangwa sebuleni. Mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu hili alilirithi.

Akasema jambo ambalo Seiji hakulitarajia.

"Haya. Nitatia muhuri."

"Kweli?"

"Kweli. Lakini wewe ndiye unayetuhamisha. Nenda kawaage wazee."

Seiji akavigeukia vibao. Katika nyumba za kisiwa kile hakuna linalofanyika kabla wafu hawajaambiwa. Mtoto akifaulu mtihani, wanaambiwa. Ng'ombe akizaa, wanaambiwa. Anayesafiri hutajwa jina, aendako na siku atakayorudi. Na mbele ya vibao vile hasemi mtu uongo, hata mlevi, hata mwanasiasa.

Alipiga magoti, akawasha ubani, akakutanisha viganja.

"Ni mimi, Seiji, wa nyumba ya Maezato," alianza. "Vita vikija, Shangazi Toyo na sisi sote tutakwenda Kyushu. Tutarudi..."

Akakwama. Ubani ukazidi kuungua.

"Endelea, wanakungoja," Toyo alisema nyuma yake.

"Shangazi, siku ya kurudi haikuandikwa."

"Basi taja yoyote. Sema siku chache."

"Hapa? Mbele yao? Siwezi."

"Mbele ya walio hai uliweza. Nyumba mia mbili, mwanangu, na keki mkononi."

Seiji aliinamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka. Alilia, na Toyo hakumbembeleza. Alimpenda mno, ndiyo maana hakumwondolea aibu ile. Ubani ulipoisha, Seiji akaichukua karatasi bila muhuri, akaenda zake.

Ijumaa watu walijaa ukumbi wa shule. Mgeni wa wizara aliketi mbele na suti yake nyeusi, na meya akasimama, kifua mbele.

"Mheshimiwa, kisiwa chetu kizima kimeridhia."

"Samahani, Bwana Meya," ikasikika sauti kutoka meza ya makarani. Seiji alikuwa amesimama. "Zimebaki nyumba mbili."

"Mbili? Si moja tu, ya yule..." Meya akamwona Toyo mstari wa kwanza, akajikohoza.

"Ya shangazi, na yangu. Nimeifuta." Akainua karatasi yake, akasoma alichoandika mahali pa muhuri: "Wazee wetu wanauliza siku ya kurudi. Naomba tujibiwe kwanza."

Kisha bibi mmoja muuza samaki akanyoosha mkono. "Hebu nipe na yangu, Seiji, nikaisome vizuri." Mwingine akadai yake, na mwingine, hata mke wa meya, aliyepoteza wajomba wawili katika msitu ule.

Mgeni wa wizara akafungua jalada lake. Akapekua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

Toyo akakunja mikono kifuani, akaegemea kiti.

"Tafuta polepole, baba," akamwambia. "Sisi hatuendi popote."