Ramani ya Pengo na Kabichi za Mama

Msimamizi wangu wa masomo kule ng'ambo alinipa miezi sita: nithibitishe kwamba ramani yangu ni ya kweli, ama niitupe pamoja na kazi ya miaka mitatu. Nikachukua likizo fupi, nikarudi kwa mama kwenye mteremko wa Uluguru, angalau ninunie nyumbani.

Ramani yenyewe ilikuwa ya kipande cheusi cha kauri ambacho, kikipozwa vya kutosha, hupitisha umeme bila kupoteza hata kidogo. Ndani yake elektroni hutembea mbili mbili, na nishati ya kuzitenganisha huitwa pengo. Nilipolipima kwa sindano nyembamba ya hadubini, pengo lilikuwa kubwa hapa, dogo pale, madoadoa matupu. Msimamizi alisema sindano yangu ni mbovu.

Mama aliitazama karatasi ya ile ramani akauliza, "Hili shamba la nani?"

Kesho yake asubuhi tulishuka kwenye matuta yake ya kabichi. Mbegu alikuwa amezinunua kwenye duka jipya la mtu binafsi kule Mafiga, akapanda kwa kamba, mstari umenyooka. Lakini kabichi nyingine zilikuwa kama ngoma, nyingine kama ngumi. Mimi na hasira zangu za sindano nikaropoka, "Mama, umepanda hovyo."

Weee! Alinivuta nikachuchumaa, akafukua kwa jembe. Penye kabichi nene udongo ulikuwa wa kijivu. Penye ngumi, mwekundu mtupu. Tangu ruzuku ya mbolea iondolewe, alikuwa akichanganya nusu mfuko na majivu ya jikoni na kurusha kwa mkono.

"Mbegu ni ile ile, mpandaji ni yule yule," alisema. "Majivu ndiyo yameangukia yanakotaka. Haya, niombe radhi."

Nilicheka, sikuomba. Akili ilishakimbilia maabara. Kauri yetu nayo haifanyi kazi mpaka iongezewe oksijeni, na oksijeni hiyo hukaa popote inapopata nafasi.

Niliporudi nilizitafuta chembe za oksijeni moja moja, nikalaza ramani ya chembe hizo juu ya ile ya pengo. Pale zilipojazana, pengo lilikuwa kubwa, doa kwa doa. Msimamizi aliomba nakala. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Nikamwandikia mama barua ndefu ya kuomba radhi. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa sista wa misheni anayemwandikia mama barua zake: "Kabichi zimekusamehe. Mimi bado. Njoo na jembe lako."