Enta ya Dominika

Mwaka 2001 chuo chetu cha kompyuta pale Sumbawanga kilikuwa na mashine mbili kwa wanafunzi kumi. Mimi na Dominika wa Laela tulipangwa na wenzetu watatu kwenye moja; ile nyingine hatukuruhusiwa kuigusa. Kitufe chake cha Enta kilikufa kabla hatujafika, na mwalimu akasema tutumie mausi tu. Basi tukawa watu wa mausi. Vumbi likijaa ndani, Dominika alitoa kile kigololi cha tumboni mwa mausi, akakisugua kwa kanga, akaendelea kupanga visanduku na vitufe vya programu yake kwenye skrini. Alinishinda mbali. Nilimwonea wivu, sifichi.

Baba yake aliuza maksai mmoja kati ya wawili ili asome. Aliyebaki hakuweza kuvuta plau peke yake, hivyo nyumba nzima ilirudi kwenye jembe la mkono, ikimngoja Dominika apate kazi.

Kazi ikatokea. Parokia moja ilitaka programu ya kutunza majina ya waliobatizwa, na ikiikubali kazi yake, ingemwajiri. Aliitengeneza miezi miwili. Siku ya majaribio nilimsindikiza. Katibu wa ofisi, Mama Bertilla, aliyepiga taipu kwa miaka ishirini, akaketi mbele ya kompyuta mpya, Padre akisimama nyuma yake.

"Shikamoo, Mama. Ukimaliza jina, peleka mausi kwenye Hifadhi, ubonyeze," Dominika alimwelekeza.

"Marahaba, mwanangu. Kidude hicho kinanikimbia. Mimi nitapiga taipu."

Akaandika jina na, kama mpiga taipu yeyote amalizapo mstari, akagonga Enta. Jina likapotea. La pili likapotea. La tatu pia. Kumbe katika programu ile Enta ilifanya kazi ya kitufe cha Futa cha kwenye skrini, na Dominika hakuwahi kuigonga hata siku moja. Angejuaje?

"Padre, inakula watu!" Mama Bertilla alisema.

"Nipeni dakika tano tu, Padre. Nawaomba!"

"Hapana, binti. Haya ni majina ya wakristo wangu. Bertilla, lete daftari."

Niliilaani kibodi ile ya chuoni, nikamlaani na mwalimu. Kesho yake chuoni Dominika alirekebisha kosa kwa dakika tatu, akilia. Hakuweza hata kuyajaribu marekebisho. Enta ilikuwa imekufa vilevile.

Mvua zilipoanza nilimtembelea Laela. Alikuwa analima kwa jembe, maksai amefungwa pembeni, anakula majani. Baba yake akaniuliza binti yake alikosea kitu gani kikubwa hivyo mjini. Nilishindwa kumwambia kuwa ni kitufe kimoja.