Passport ya binti yangu ilitoka kwa kadi ya ndama

Wakuu wa ukumbi huu, salamu kutoka Eldoret.

Mimi nilisoma mpaka standard three, kwa hivyo makosa ya kuandika mtanivumilia. Uongo hamtapata hapa. Mke wangu, Mama Nafula, amekaa karibu na mimi, nikiongeza chumvi atanishika.

Hii ni ya ile miaka ya chama kimoja. Nilikuja huku kutoka Bungoma nikiwa kibarua wa shamba ya ngano. Nikajinyima mpaka nikanunua ekari tano Kapseret, nikaweka ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Hakuna mtu alinishika mkono.

Binti yetu Nafula alikuwa na miaka kumi na mbili, mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Kwaya ikaalikwa Germany. Pastor akatangaza kila mtoto awe na passport kabla shule zifungwe. Asiye nayo anabaki.

Nafula akaanza kutembea kama mtu ashafika Ulaya.

Sasa, passport inataka birth certificate. Nafula alizaliwa nyumbani na hatukumwandikisha. Nikavaa koti yangu ya harusi nikaenda ofisi ya vizazi pale town. Karani, mama mmoja wa miwani, akauliza mtoto alizaliwa lini.

Nikamwambia anaitwa Nafula, na kwetu hilo ni jina la mtoto wa wakati wa mvua.

"Mvua gani, Mzee? Eldoret inanyesha nusu ya mwaka."

Nikamwambia basi aandike first January, kama kitambulisho yangu, vile sisi tusiojua tarehe tuliandikiwa. Akakataa katakata. Anataka karatasi iliyoandikwa wakati ule ule. Na kadi ya kliniki panya walikuwa wamemaliza kitambo.

Nafula alikuwa ananingoja kwa gate. Akaniangalia uso, akarudi jikoni. Wakuu, heri angelia.

Mama yake naye akaanza ule wimbo wake wa miaka kumi na mbili. Eti tarehe ningejuaje na siku hiyo nilikuwa kwa zizi?

Ni kweli. Yeye alikuwa ndani na mkunga, mimi nilikuwa navuta ndama amekwama. Aliniita mara tatu, mara tatu nikasema nakuja.

"Ulipokea ndama kwanza, mtoto baadaye," akasema.

Hapo akili ikanifunguka. Ndama!

Asubuhi ile kulikuwa na mtu wa A.I. Si hii ya simu zenu, ni ile ya kupandisha ng'ombe. Alikuja kwa ng'ombe mwingine, akanisaidia kuvuta, halafu akaandika kadi ya ndama: tarehe, rangi, kila kitu. Ndama alikuwa na kichwa nyeupe kama kitambaa ya watawa, tukamwita Sista.

Kadi ya ng'ombe mimi sipotezi. Ilikuwa kwa sanduku pamoja na title deed.

Yule mama wa miwani alisoma, akavua miwani, akapangusa, akasoma tena.

"Mzee, birthday ya ndama unajua, ya mtoto hujui?"

"Mama, serikali ilituma mtu wa ng'ombe mpaka kwangu na pikipiki. Wa watoto bado nangoja."

Ofisi nzima ikacheka, na yeye pia. Akasema nilete mkunga na barua ya chief. Chief akaandika, na muhuri juu, kwamba Nafula na Sista walizaliwa asubuhi moja, boma moja. Birth certificate ikatoka.

Kule Nairobi afisa wa passport akaikuta hiyo barua kwa file. Akasoma mpaka kwa muhuri wa chief. Nikajua nimekwisha.

"Na Sista ako aje?"

"Bado anakamuliwa, bwana mkubwa."

Akagonga muhuri.

Nafula akaenda, akaimba, akarudi amenenepa. Mwaka huo ndio alifanya birthday ya kwanza. Sisi tukakula chapati, Sista akapata debe nzima ya dairy meal.

Nikamwambia Mama Nafula sasa aache kunitupia ile maneno ya zizi.

"Siachi," akasema. "Lakini nitakuwa nasema nikicheka."

Na hapa ninapoandika anacheka.

Funzo langu ni moja: mwandikishe mtoto akizaliwa, na karatasi usitupe, hata kama ni ya ng'ombe.

Wazee wenzangu wa first January, mko wangapi humu? Kila mtu aseme hiyo tarehe alipewa na nani.