Ufuta wa Nyumba Nzima

Kila baada ya mavuno, dada yangu hunitumia ufuta mweusi kwa basi kutoka Ruaha Mbuyuni. Ndoo nzima, mfuniko umekazwa kwa mpira wa baiskeli. Ni kipimo alichokizoea tangu mke wangu akiwa hai na watoto wakigombea ukoko. Sasa mke wangu ni marehemu, watoto wako Dar es Salaam na mambo yao, nami nimebaki hapa Soweto, Mbeya, na sufuria ndogo ambayo bado inabakiza chakula.

Ufuta mweusi una hila: unaficha mchanga. Nauosha kwenye beseni, mbegu zinaelea, mchanga unazama. Kuuanika kwa ubaridi wetu huu ni kulibembeleza jua. Kisha naukaanga bila mafuta, moto mdogo, mpaka uanze kurukaruka. Nautwanga ukiwa bado wa moto, namimina kwenye majani ya maboga. Harufu inajaa nyumba nzima, na hakuna wa kuuliza chakula kinaiva lini. Hapo huwa nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Ule ambao sijautwanga nauweka kwenye chupa kavu, kabatini, mbali na mwanga. Lakini ufuta ni mafuta, nao hausubiri mlaji. Juzi nilitafuna wa mwaka jana: mchungu, umechacha. Nikamwaga zaidi ya nusu ndoo nyuma ya nyumba, roho inaniuma.

Ilibidi nimwambie. Nilisitasita, maana ile ndoo ndiyo kitu pekee kinachonifuata mpaka hapa. Nikiikataa, huenda asitume tena hata salamu. Mwishowe nikapiga simu.

"Dada, safari hii punguza. Nakula peke yangu, unachacha."



"Nipunguze, ingine nimpe nani?" akasema. "Yule mjukuu wangu wa mwisho naye ameshaenda bweni. Nimebaki mimi na kuku, mdogo wangu. Kama siyo hiyo ndoo yako, shamba ningeliacha zamani."



"Na huku joto," akaendelea, "inachacha upesi. Heri ichachie kwako."

Nikacheka, na machozi yakanitoka. Nikamwambia atume ndoo nzima.