Niliwafundisha Mashahidi Kama Katekisimu

Sitaji jina langu, ingawa wanaosali nami watanitambua. Kosa ni langu. Mpwa wangu yuko gerezani Bukoba, na aliyeharibu utetezi wake ni mimi mjomba wake, nikidhani naujenga.

Mimi ni katekista mstaafu huku Buganguzi. Kijana huyo, tumwite Deo, alishtakiwa kumkata mtu panga barabarani jioni moja. Jioni hiyo Deo alikuwa nasi msibani. Tulimwona kwa macho yetu. Wala hatukuwa na uongo wa kuficha, na hilo ndilo linaloniuma.

Mashahidi wake tulikuwa watatu: mimi, dada yangu ambaye ndiye mama yake, na jirani yetu. Wakili, binti mpole, alinionya. "Mzee wangu, msikae kupanga majibu. Kila mtu aseme alichokiona yeye."

Nikampuuza. Watoto wa Komunyo ya Kwanza nimewafundisha maisha yangu yote kwa swali na jibu, wakashika. Nikawaita wale wawili nyumbani.

"Deo alikuwa wapi?"

"Alikuwa msibani, ameketi na wazee, hakuinuka hata kidogo."

Dada akasita. "Lakini kaka, aliinuka kuepua sufuria ya ndizi, akaungua mkono. Nilimpaka asali mimi mwenyewe."

"Wenzako hawakuliona hilo. Liache, tusije tukapishana."

"Haya, mwalimu," jirani akacheka. "Tukifeli utatuchapa?"

Mahakamani nilitangulia mimi, akafuata jirani, nami nikabaki ndani kusikiliza. Dada alipoingia akajibu kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ya kusali litania. Mwendesha mashtaka akaweka kalamu chini.

"Mama, 'hakuinuka hata kidogo'. Wenzako nao wamesema hivyo hivyo. Nani kawafundisha?"

Alikuwa ameapa. Angefanyaje? "Kaka yangu. Ni katekista."

Watu wakacheka. Dada akahangaika kueleza habari ya mkono ulioungua.

"Sasa mama, aliinuka au hakuinuka?"

Akageuka kunitazama mimi.

Hukumu ikasema ushahidi wetu ni wa kupangwa, hauaminiki. Deo akafungwa.

Tumekata rufaa, na namshukuru Mungu kwamba wakili hakutukimbia. Lakini kaniambia wazi: tuliyoyasema yameandikwa, hayafutiki. Nimeungama kwa padri. Deo mwenyewe, nilipokwenda kumwona, aliniambia, "Mjomba, ulinitakia mema." Nililia mbele ya askari.

Dada bado. Jumapili, wakati wa kutakiana amani, ananipa mkono akiwa anatazama altare. Simlaumu. Nasubiri.

Wewe mwenye kesi, shahidi wako mkweli mwache na kigugumizi chake, na alichosahau, na kile alichokiona peke yake. Mimi niliogopa tofauti ndogo kati ya watu watatu wakweli, na mtoto wa dada yangu ndiye anayelala gerezani kwa ajili ya hofu hiyo.