Nyota ya Dira Mahali Patupu

Kazi ya Nathanaël ilikuwa kuzeesha ramani. Kompyuta inatoa ramani safi, ya mwaka uleule wa 2003, naye anaitia humohumo kwenye kompyuta rangi ya chai iliyopoa, anachora nyangumi wenye meno baharini, halafu nyota ya dira, ile yenye ncha nyingi ya kuonyesha kaskazini. Mimi nilichapa na kuviringisha. Waingereza walinunua, wakatundika sebuleni. Kwa nini mtu alipie kitu kipya kionekane kikuukuu, hadi leo sijaelewa, na sitaki kueleweshwa.

Tulikuwa watatu, juu ya duka la vitambaa sokoni Walthamstow. Bosi wetu, Rasik, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alitusemesha Kiswahili akiwa na raha na Kiingereza akiwa na haraka. Nathanaël alikimbia vita Kongo mashariki. Kila siku, kabla ya kuja kazini kwetu, alikuwa ameshasafisha ofisi za watu mjini tangu alfajiri, kwa hiyo alichora huku macho yameiva. Hakulalamika. Mimi ningelalamika mpaka soko zima lisikie.

Nyota huwekwa mahali patupu ili isizibe majina. Kwa miaka Nathanaël aliziweka Sahara, Siberia, popote, bila kuuliza. Kisha ikaja ramani ya Ziwa Tanganyika. Mteja alitaka nyota upande wa kushoto, magharibi ya ziwa, kwenye milima isiyo na jina hata moja.

"Patron, pale siwezi kuweka," Nathanaël alisema. "Iko watu pale. Ni kwetu, Kalunja. Mama yangu alibakiaka kule."

Habari za mama huyo hakuwa amezipata tangu vita. Hilo sote tulilijua, na hatukuligusa.

Rasik alivua miwani. Nilidhani atafoka. "Basi andika jina," akasema. "Andika hiyo Kalunja yako, nyota tutaweka chini. Client nitaongea naye mimi."

Sijawahi kumwona Nathanaël akicheka vile. "Dada Angel, kuja uone kwetu!" Akashika kipanya, akaanza kupanda kutoka ziwani akifuata mto. "Ni huu. Hapana, ule wetu unapinda." Akarudi ufukweni, akafuata mwingine. Mito ilikuwa mitatu, na yote ilipinda. Njia ile aliijua kwa miguu tu, na mara ya mwisho aliipita usiku akikimbia. Alipanda na kushuka mchana kutwa, mabega yakizidi kulegea, hadi nikachoka kwa niaba yake.

"Andika karibukaribu," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Mama," alijibu.

Nilitamani niyarudishe maneno yangu mdomoni. Nikaenda kuviringisha ramani za watu wengine.

Tulipokaribia kufunga, aliniita. Jina hakuandika. Alikuwa ameweka nyota palepale kushoto alipotaka mteja, kubwa kuliko zote alizowahi kuchora, imeifunika mito yote mitatu na milima yake.

"Sasa kwetu iko hapa ndani," alisema, kidole juu ya kioo. "Lazima iko hapa ndani. Chapa, dada."

Nikachapa. Nililia mbele ya mashine, na Rasik, aliyekuwa na haraka, alisubiri.