Steji na Staji

Honi ile ililia mara tatu fupi, kisha moja ndefu, ikavutwa mpaka mbuzi wa pale sokoni Rwekubo wakageuza shingo. Bado naisikia vizuri. Mpaka leo nikiwa napanga vikombe vyangu asubuhi na gari likapiga honi barabarani, mkono unasimama wenyewe. Siku ile honi haikuwa inaniita mimi. Ilikuwa inamwita Nabintu, na kati ya watu wote waliokuwa pale, ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini haji.

Mwanangu, niache nikuite hivyo. Najua utacheka, maana nina miaka ishirini na saba tu, na shule niliiachia darasa la sita. Lakini juzi nilipita ofisini Base Camp nikakuta orodha mpya imebandikwa, ya watu wanaopata chakula cha msaada watakaopelekwa mjini Mbarara kufundishwa kazi. Nikawaona ninyi wasichana wa kijiji chetu mkiisoma bila kusalimiana. Mmoja wenu alifika kwenye jina la mwenzake, akatema mate pembeni. Nikasema moyoni, ugonjwa huu naujua, umewahi kunilaza. Basi kaa hapa karibu nikuambie ulivyonianza.

Mimi na Nabintu tulikimbia Kivu ya Kusini, kule Kongo, mwaka mmoja. Hapa kambini Nakivale, Uganda, nyumba zetu ziligusana migongo. Kadi zetu za chakula ziliandikwa kundi moja, na siku ya kugawiwa tulisimama foleni moja, tukashikiana gunia. Mtu angetuona angesema hawa ni ndugu. Mimi pia nilimpenda, usidhani hapana. Ila mama yangu alikuwa na neno lake, "Muangalie Nabintu," na hakuna neno lililonichoma kama hilo. Muangalie Nabintu anavyosuka, muangalie anavyosalimia watu. Kitenge chake kilikuwa kimepauka kama changu, lakini mwilini mwake kilionekana kipya. Alijua Kifaransa kidogo, basi hata akiita kuku wake mimi nilisikia kama ananitambia. Maharage tulipimiwa kutoka gunia moja, na nakuapia, yake yaliiva kwanza.

Unaona? Nilikuwa nimefika mahali pa kuonea wivu sufuria.

Ndipo mpango ule wa kazi ukaja. Wanaogawa chakula walikuwa wamekubaliana na mwenye kiwanda kidogo cha maziwa kule Mbarara. Wao wangeendelea kuwapa chakula wanafunzi, yeye angewafundisha miezi minne kutengeneza mtindi, samli na jibini, na baadhi yao angebaki nao kazini. Wengi waliogopa, wakasema ukijifunza kazi utafutwa kwenye orodha ya chakula. Nabintu hakuogopa, maana hakuwa na nafasi ya kuogopa. Nyumbani kwao chakula kilikuwa kimepunguzwa, mama yake alikuwa hawezi tena kushika jembe, na wadogo zake wanne walimtazama yeye tu. Kwetu baba alikuwa bado na nguvu za kulima. Hilo nililijua, na nalisema wazi ili usije ukanionea huruma mapema.

Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Jina la Nabintu lilikuwa la sita. Langu lilikuwa la kwanza kati ya mawili ya chini ya mstari uliochorwa kwa rula, na pembeni yake wameandika: Akiba.

"Mamzeli Akiba, jambo!" mama mmoja akaniita bombani siku ileile. "Unajua akiba inakuliwaka na nani? Na panya!"

Wote wakacheka mpaka madumu yakafurika. Nabintu hakucheka. Alikuja akanisaidia kujitwika dumu langu, akaninong'oneza, "Usijali, Sifa. Nikijifunza, nitakufundisha." Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilitamani angecheka pamoja nao, ili nipate sababu ya kumchukia.

Ijumaa iliyofuata, afisa wa ile orodha alinikuta sokoni Base Camp. Alikuwa Mnyankole, mwenyeji wa huku, mrefu, mtu mpole, mwenye haraka siku zote.

"Wewe nyabo, si unakaa karibu na Nabintu? Simu yake imezima. Ambia yeye, Jumatatu saa moja asubuhi akuwe kwa steji. Gari hapana ngoja mutu. Na wewe kuja, sababu wewe ni akiba. Kale?"

"Kale," nikajibu, maana kwao hiyo ndiyo sawa.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana kosa langu lote limejificha katika neno moja. Kwa watu wa Uganda, steji ni pale magari ya abiria yanaposimama. Kwetu Kongo tuna staji, tuliyoipata katika Kifaransa, na hiyo ni kwenda kwenye kazi yenyewe ukajifunze: mtu anafanya staji hospitalini, anafanya staji shuleni. Mimi nilikuwa nimezoea kuuza mihogo Rwekubo, neno la Waganda nililijua. Nabintu alikuwa mtu wa nyumbani na kanisani. Njia nzima nilitembea nikiyageuza maneno hayo mawili mdomoni kama mtu anayeonja chumvi.

Nilimkuta anamenya viazi.

"Wamesema Jumatatu saa moja uwe staji," nikamwambia. Nililitamka kwa Kifaransa, polepole, vizuri kuliko nilivyowahi kutamka neno lolote la Kifaransa.

Akaacha kisu. "Mu Mbarara kwenyewe? Kumbe banataka tujipeleke?"

"Ndivyo alivyosema. Staji."

"Basi itabidi niende Jumapili, nilale kwa mama mmoja wa kanisa letu. Na weye, utanisindikiza?"

"Niko na nguo za kufua."

Nilijiambia sikusema uongo hata mmoja, mwanangu. Hata nguo zilikuwepo. Hicho ndicho kilichonifanya nilale usingizi mzuri.

Jumatatu nikasimama steji ya Rwekubo na wale wengine kumi na mmoja. Honi ikalia kama nilivyokuambia. Afisa akaita, "Nabintu! Nabintu iko wapi?" Akatazama saa, akatazama barabara ya kambini, akaita tena. Kisha akasema, "Akiba?" Nikasema, "Niko." Mule ndani ya gari akanipa fomu, nikatia sahihi kwenye mstari wa Nabintu. Nilikaa dirishani. Tulipopita kijiji cha Masha ng'ombe walikuwa wanatoka kwenda malishoni, na mimi nilikuwa nimeshajenga kiwanda changu kichwani, nimekipaka rangi, nimeajiri watu. Nimeumbwa hivyo, naota upesi.

Gari liliposimama mbele ya kiwanda, Nabintu alikuwa langoni.

Alikuwa hapo tangu alfajiri, kitenge chake kimepigwa pasi, viatu amevishika mkononi visichafuke. Aliponiona nashuka alipiga kelele ya furaha. "Sifa! Na weye bamekuchukua!" Akanikumbatia mbele ya watu.

Afisa akashika kichwa. "Nabintu! Tumengoja wewe kwa steji!"

"Lakini niko staji, bwana. Tangu asubuhi niko hapa ku staji."

"Steji, nyabo! Steji! Pale magari nasimama!"

Watu wakacheka, maana ilichekesha. Nabintu naye akacheka, macho yamejaa maji. Afisa akamwonyesha fomu, nafasi zimejaa, sahihi imewekwa. Akamwambia, "Bambi, pole sana," na nadhani alisikitika kweli. Nabintu akanitazama kidogo tu. Akavaa viatu vyake, akaondoka. Mimi nikaingia nikapewa buti nyeupe na kofia ya nywele.

Mwenye kiwanda alikuwa mama mnene wa Kinyankole tuliyemwita Mama Peace. Alitufundisha kunusa kila ndoo ya maziwa kabla ya kuimimina, kupima joto, kuosha mikono mpaka kwenye viwiko. Mimi nilishika haraka. Lakini kila siku alikuwa na swali lake: "Yule musichana alisimama kwa geti na viatu mukononi, yeye alienda wapi? Yule alikuwa mufanyakazi." Mwanangu, nilikuwa nimechukua nafasi ya mtu, nimevaa buti zake, na bado nilimwonea wivu pale langoni alipokuwa amesimama miguu mitupu! Ningefanya nini zaidi? Wivu haukushiba. Niliulisha nafasi nzima ukaomba nyingine.

Wiki ya tatu, tukiwa tunaosha madebe, Mama Peace akauliza kwa utani, "Hiyo staji yenu Wakongomani, ni nini?" Msichana mwenzetu akamweleza. Mama Peace akacheka kwanza. Kisha kicheko kikakatika. Akaniangalia, maana afisa alikuwa amemwambia kwamba ujumbe niliubeba mimi.

"Sifa. Wewe ulijua hiyo neno iko mbili?"

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye debe langu. Nikafunga bomba. "Nilijua."

Nilingoja anitukane. Alivuta kiti akaketi, akajipangusa mikono kwenye aproni. "Mimi hapana fukuza wewe," akasema. "Nikifukuza, wewe utalia, utasema Mama Peace ni mubaya, itaisha. Hapana. Wewe mwenyewe uende kwa yule musichana, halafu uende kwa ofisi. Kwa miguu yako. Ukirudi hapa bila kwenda, mimi nitajua, sababu mimi nanusa maziwa miaka mingi."

Nikaenda mpaka kambini. Nabintu alikuwa anapuliza moto. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote, la steji na la staji, na la nguo za kufua. Hakugeuka.

"Nilijuaka," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu pale geti. Wote bale bengine balishangaa kuniona. Weye ulishuka ku gari, haukushangaa."

Nikataka kupiga magoti. Akasema, "Toka, Sifa. Moshi iko inakuingia mu macho, utasema unalia." Nikatoka.

Ofisini Base Camp nilimweleza afisa yote. Alinisikiliza huku kalamu mdomoni. Akanipa fomu ya kuacha mafunzo, akaniwekea kidole kwenye mstari wa sababu. Alinionea huruma kijana yule. Akasema, "Andika ugonjwa. Ukiandika ugonjwa, nafasi itaenda kwa akiba wa pili, na wewe utaomba tena kundi ingine. Ukiandika hii umeniambia, nafasi itarudi kwa mwenyewe, lakini jina yako hapana rudi tena kwa mupango huu. Fikiria." Akatoka kunywa chai.

Kabla sijamaliza, acha niseme neno nililokuitia.

Mwanangu, sikuambii usione wivu. Ningekudanganya. Mimi leo nauza mtindi hapo Rwekubo, ule niliojifunza kwa wiki tatu, na nakuambia mtindi huo utakuwa na friji yake siku moja, na jina limeandikwa mlangoni, utaona. Lakini akipita mtu aliyesonga mbele kuliko mimi, kitu bado kinanibana hapa kifuani. Ninachofanya sasa ni kumwambia mtu mapema, kingali kidogo. Nasema, "Mama, leo namwonea fulani wivu," mama anacheka, na tunaendelea kupika. Siku ile ya bombani ningemwambia Nabintu, "Nakuonea wivu mpaka sufuria yako," tungecheka mpaka jioni, na labda ningekuwa bado naingia kwao bila kubisha hodi. Siku hizi ananisalimia. Ananunua hata mtindi wangu. Lakini hakai.

Na ukipewa ujumbe wa mwenzako, mpelekee pamoja na maana yake. Hapa tunaishi watu wa lugha nyingi, neno linabadilika njiani bila hata msaada wako. Ukijua atalisikia vibaya ukanyamaza, umesema uongo, hata kama kila neno lilikuwa kweli. Hiyo orodha pale ukutani haikupimi thamani yako. Imeandikwa na mtu mwenye haraka. Jina la mwenzako likiwa juu, shika gunia lake upande wa pili kama ulivyolishika jana.

Mungu akupe kazi itakayokuchosha vizuri. Akupe rafiki atakayeingia kwako bila hodi, na akulinde usije ukamfungia mlango kwa mkono wako. Chakula chako kisipungue, na siku utakapokinunua mwenyewe, ukile kwa amani.

Basi afisa alikuwa ametoka kunywa chai, nami nilibaki peke yangu na ile fomu. Nilimwona Nabintu kichwani mwangu akivaa buti nyeupe, akiinama kunusa ndoo, Mama Peace akicheka naye, na wivu ukanipanda tena, palepale, mpaka mstari ukayumba mbele ya macho. Sikungoja upite. Niliandika nao hivyohivyo, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: Nafasi hii ni ya Nabintu. Ujumbe wake niliupeleka nusu. Nikaisoma mara moja, nikauweka mhuri mzito wa afisa juu ya karatasi ili upepo wa dirishani usiichukue, nikatoka.